Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Mgeni rasmi mmoja, kwenye maadhimisho ya Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, alituambia kwamba uandishi wa habari ni wito, na anayetanguliza mshahara atafute kazi nyingine. Waandishi wakampigia makofi. Makofi yale yaliniudhi kuliko hotuba yenyewe, maana wengi waliopiga hawana hata mkataba wa ajira.

Walimu nao wameambiwa miaka yote kuwa ualimu ni wito. Hata hivyo wana Chama cha Walimu Tanzania (CWT), wanakatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi, na jengo la chama chao, Mwalimu House, limesimama pale Ilala. Wanainung'unikia sana hiyo asilimia 2, na wana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Lakini mwalimu wa Kibondo akionewa, ana mlango wa kubisha. Mwandishi wa Kibondo ana mlango gani? Analipwa kwa stori. Simu ni yake, bando ni lake, nauli ni yake, na stori isipotoka, hasara pia ni yake.

Namjua kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda akifuatilia habari ya gazeti aliloliandikia kwa miaka. Ofisini wakasema si mfanyakazi wao, ni mwandishi wa kujitegemea. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Basi njia rahisi ya kuikwepa ni kukataa kwamba una wafanyakazi.

Kuna wanaodai mwandishi akiingia chama cha wafanyakazi atapoteza uhuru wa kalamu. Huu ni upuuzi mtupu. Wanaousema ndio hao hao wanaopokea bahasha kwa aliyeitisha mkutano, kisha wanakwenda kuandika habari zake. Mwenye njaa ndiye asiye huru! Heywood Broun, mwandishi wa safu aliyelipwa vizuri sana New York, ndiye aliyeongoza kuundwa kwa chama cha waandishi wa magazeti Marekani mwaka 1933. Yeye hakuwa na shida ya mshahara. Aliona shida ya wenzake.

Hapa kwetu kipo chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari, JOWUTA. Klabu za waandishi na Baraza la Habari zina kazi zake, lakini hazikai mezani na mwajiri kusaini mkataba wa hali bora. Hiyo ni kazi ya chama cha wafanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka sharti lililo wazi: chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mwajiri anapaswa kukitambua. Kwa hiyo kazi ya kiongozi ni kuhesabu watu, chumba cha habari kimoja baada ya kingine. Ahesabu na fundi mitambo, mpiga picha na dereva, hao ambao waandishi wenye majina huwadharau.

Wapo viongozi wanaopenda kuanzia hotelini, kwa semina na fulana za mfadhili. Mradi ukiisha, na chama kimekwisha. Ada ya wanachama, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayomfanya kiongozi awajibike kwao. Na mhariri anayesaini barua za kuwaachisha watu kazi asipewe uenyekiti wa tawi, hata akiwa mcheshi namna gani.

Tumeandika habari za Mei Mosi za kila mtu, za madaktari, za walimu, za wafanyakazi wa reli, na sisi wenyewe hatuna cha kusimamia. Wewe uliye chumba cha habari sasa hivi, jaza fomu ya uanachama leo, kisha mpelekee nyingine jirani yako wa meza na dereva aliyekuleta kazini.