JIKONI KWETU: Kuchagua pilipili manga



Pilipili manga ikiisha kusagwa, harufu yake inapotea upesi. Tena hakuna anayejua ni nini kimechanganywa ndani ya unga ule. Kwa hiyo, kama nyumbani kuna mashini ndogo ya mkono, ao hata kinu kidogo, ununue punje nzima, na usage paka ile ya chakula cha siku.

Punje nyeusi ni tunda lililochumwa bichi na kukaushwa. Ndiyo maana ngozi yake iko na makunyanzi. Nyeupe ni tunda la mmea ule ule, lililoondolewa ngozi.

Mbele ya kulipa, fanya hivi. Nusa: ikikosa harufu ao ikinuka ukungu, iache. Finya kwa kidole: nzuri iko ngumu, haivunjiki ovyo. Angalia umbo: mbegu za papai zilizokauka zinafanana nayo sana, lakini si za mviringo kamili. Ukiwa na mashaka, nunua kidogo tu, tia punje chache ndani ya kilauri cha maji. Nzito zinazama, mbegu za papai na punje tupu zinaelea.

Zinazobaki uziweke ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, mbali na moto.

Na wewe unayeuzisha: kuchanganya mbegu za papai ni kuiba. Feza ile ni jasho la mtu aliyeshuka ndani ya shimo.