Tope la Ziwa si Kaburi

Wasomaji wenzangu, katika mdahalo wa muhula huu upande wetu ulishindwa. Msemaji wa upande wa pili, ndugu yetu kutoka visiwa vya Muleba, alisimama akasema: "Mama akiteka maji machafu huyaacha mtungini usiku kucha, na asubuhi takataka zote ziko chini. Ziwa Victoria nalo ni mtungi, tena mtungi wa kilomita za mraba 68,000. Uchafu wa migodi utazama, nasi tutakunywa maji ya juu." Watu wakapiga makofi, kengele ikalia, nami sikupata nafasi ya kujibu. Basi najibu hapa.

Mfano wa mtungi wafaa kwa vumbi. Kwa aseniki haufai. Sumu hii imo ndani ya mawe mengi yenye dhahabu, na mawe hayo yakisagwa au kuchomwa hutoka. Ikifika ziwani huzama kweli, ikashikwa na kutu ya chuma iliyomo topeni. Lakini kutu hiyo hudumu maadamu maji ya chini yana oksijeni. Magugu yakifa yakaozea chini, oksijeni huisha. Ndipo kutu huyeyuka, na aseniki hupanda tena majini.

Tazameni Yellowknife, nchi ya Kanada. Mgodi wa Giant ulichoma mawe ya dhahabu tangu 1949 hadi 1999, na moshi wake ukamwaga aseniki katika maziwa madogo ya jirani. Tanuri lilizimwa zamani, na bado tope huirudisha sumu majini, hasa barafu inapofunika ziwa na kuzuia hewa. Watoto waliozaliwa baada ya tanuri kuzimwa huonywa wasinywe maji ya baadhi ya maziwa hayo.

Huku kwetu hakuna barafu. Lakini tangu miaka ya 1960 maji ya chini ya Ziwa Victoria yamezidi kukosa oksijeni kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa sababu maji ya vyoo na udongo wa mashamba hulisha magugu. Kwa hiyo mtu wa Bukoba ambaye hajaona mgodi maishani mwake aweza kuifungulia mlango sumu ya mgodi.

Dhahabu yachimbwa Geita na Biharamulo, majirani wa Muleba. Na Mei 2009 maji ya tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe. Sisemi kwamba dagaa wa Kemondo wana sumu. Mimi mwenyewe nawala, wala si vizuri kuwatia wavuvi hofu bure. Nasema tusipime maji ya juu tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja katika lita 100,000. Chupa iliyojazwa ufukweni itatuambia nini juu ya kilichomo topeni? Wapimaji wachote tope na maji ya kilindini, karibu na midomo ya mito, tena miezi ile ziwa limetulia, kabla upepo wa Juni na Julai haujalikoroga.

Mdahalo ujao naomba nipewe zamu ya kwanza, kabla ya kengele.

Mwanafunzi, Kidato cha IV