Kutoka Katika Umoja Si Kutoka Katika Ahadi

Wengi hudhani kwamba Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, tarehe 31 Januari 2020, ilijivua pia mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. La hasha. Mahakama ya Strasbourg inayousimamia mkataba huo ni ya Baraza la Ulaya, chombo kingine kabisa, na Uingereza ingali mwanachama wake. Ndiyo maana, Juni 2022, amri ya mahakama hiyo ilichangia kuizuia ndege ya kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda.

Wapo waliokasirika: vipi taifa huru liamrishwe na majaji wa nje? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani sheria yapasa itungwe na waliochaguliwa na raia. Lakini Uingereza haikushurutishwa. Iliuridhia mkataba huo mwaka 1951, kabla ya nchi nyingine zote. Tena, Novemba 2023, Mahakama yake yenyewe ya Juu iliuona mpango wa Rwanda kuwa kinyume cha sheria.

Uhuru wa dola hupimwa kwa ahadi inayotimizwa hata inapoibana. Mgeni asiye na kura hana ngao nyingine.