Chakula cha Ugenini

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo aghalabu halina nafasi katika kurasa kama hizi, nalo ni tumbo la msafiri.

Watu wetu wa Moshono siku hizi wasafiri sana. Wako vijana waliokwenda Maskati kutafuta kazi, wako waliokwenda Uturuki kusoma, na kila mwaka wako wazee wanaojaaliwa kuhiji. Wakirudi huwauliza, "Huko mlikula nini?" Na wengi wao hujibu ya kwamba walikula kuku na chipsi. Mtu amevuka bahari na majangwa, kisha amekula kile kile kinachokaangwa hapa kwetu kando ya barabara!

Wasafiri wa zamani hawakuwa hivyo. Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika Moroko, alipofika Mogadishu yapata mwaka 1331, alikaribishwa katika nyumba ya wanafunzi akaletewa chakula mara tatu kwa siku. Naye hakuona haya kukiandika chote: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Tena, mabibi wa Moshono na wasikie, waliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa! Mwanachuoni yule aliona ni ajabu ya kuandikwa kitabuni, na sisi tunaokaa chini ya mlima Meru, ambao kwetu ndizi na maziwa havipungui nyumbani, na ambao majirani zetu hutupakulia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, twaona ni jambo la kila siku. Akaongeza ya kuwa mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha watu kadhaa wa kwao, ndiyo maana wana miili minene. Hapo twadhani mgeni alizidisha utani kidogo. Alipopita Mombasa, akalala usiku mmoja tu, akaandika kwamba chakula chao zaidi ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje.

Lakini msafiri huyo huyo atufundisha na hofu. Mwaka 1352, katika nchi ya Mali, yeye na wenzake watano walikula uji mzito uliopikwa kwa mmea wenye kiazi mfano wa magimbi. Wote sita wakaugua. Yeye alizimia katika sala ya alfajiri, akapewa dawa ya kutapisha, akakaa mgonjwa miezi miwili. Mwenzao mmoja akafa. Basi anayesema, "kula kila kitu, utapata baraka," amesema bila ya kufikiri. Chakula kigeni na kiliwe kikiwa cha moto, kimepikwa siku ile ile, pahali ambapo wenyeji wenyewe wamejaa wakila pamoja na watoto wao. Pahali penye wageni watupu, palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndipo penye chakula cha asili, sisi hatupaamini sana. Hata hapa Arusha mjini twayaona maandishi hayo mbele ya hoteli, na mpishi aliyeko ndani hajapata kuisonga ndizi.

Na hiyo "asili" yenyewe ni neno la kuangaliwa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipofika Maskati alitaka kuonja chakula cha Kiomani hasa. Bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Unguja, akamkaribisha kwake, akampa halua na kahawa, kisha harisi. Kijana akasema moyoni, "Lakini hii si bokoboko yetu?" Ndiyo yenyewe. Halua nayo ni ile ile ya wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, inayokorogwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba. Watu na vyungu vyao wamekwenda na kurudi katika bahari ile karne nyingi, na baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, wengi walihamia Oman na mapishi ya Unguja. Kadhalika Hijazi, wali uitwao bukhari ulikuja na watu wa Asia ya Kati, na mandi asili yake ni Yemeni. Atakaye cha Hijazi hasa na aulize saliq, wali wa supu na maziwa, unaosifiwa zaidi Taif. Na sisi tunaojivunia ugali, mahindi yetu yalitoka Amerika.

Liko jambo lililotusikitisha. Haji mmoja wa upande wetu alialikwa Madina nyumbani kwa mtu. Sinia ilipowekwa, aliisukuma akasema, "Hiki si chakula," akaomba chai. Mwenzake aliyetuhadithia asema mwenye nyumba alinyamaza, na watoto wake wakatazama chini. Twauliza: alikosa njia ya kukataa kwa adabu? Katika hadithi ya Khalid bin Walid, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Akauzuia mkono wake. Khalid alipouliza kama ni haramu, akajibu kwamba sivyo, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akala pale pale mbele yake. Mmoja hakula, mwingine alikula, na aliyepika hakuvunjiwa heshima.

Wanaokwenda Ulaya shida yao ni nyingine, nayo ni uchinjaji. Huko na waulize msikitini kabla ya kuuliza sokoni. Samaki na mboga haviwapi taabu.

Nasi twawaomba waliokwisha kusafiri watuandikie jina la chakula kimoja walichokipenda, namna kinavyopikwa, na nani aliyewapakulia. Ya kuku na chipsi hatutayachapisha.