Maoni: X-Men, kidonda kimoja na njia mbili

Mtoto wa Goma, Bukavu ao Uvira akiulizwa Wolverine ni nani, mara nyingi hajibu kwa mdomo. Anakunja ngumi na kuonyesha makucha matatu ya chuma. Amemwona kwenye kibanda cha video ao kwenye simu ya kaka yake. Wazazi wengi wanasema ni michezo ya Wazungu, ni kupoteza wakati tu.

Lakini historia ya kikundi hicho kinachoitwa X-Men inaonyesha jambo lingine. Makucha siyo yaliyowafanya wapendwe duniani. Walipendwa tangu hadithi zao zilipoanza kusema kweli juu ya watu waliofukuzwa kwao. Na hapo ndipo jamaa zilizokimbia vita huku Kivu zinaweza kusikia jambo linalozihusu.

Ilikuwa mwaka wa 1963, kule Marekani, ndipo Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walianzisha kitabu cha picha cha X-Men katika kampuni ya Marvel. Katika hadithi hiyo, kuna watu wanaozaliwa na nguvu za ajabu, wanaoitwa mutanti. Raia wengine wanawaogopa na kuwachukia kwa sababu tu ya namna walivyozaliwa. Profesa Xavier, mtu wa kiti cha magurudumu, anawakusanya vijana hao katika shule yake na kuwafundisha kulinda hata wale wanaowachukia.

Wazo lilikuwa zuri, lakini wanafunzi watano wa kwanza wote walikuwa Waamerika weupe. Chuki ilitajwa, haikuonekana sana. Wasomaji walipungua, na tangu 1970 hadi 1975 kampuni haikutoa tena hadithi mpya za kikundi hicho, ilirudilia kuchapisha zile za zamani.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1975. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walileta kikundi kipya chenye watu kutoka pande nyingi: Mkanada, Mjerumani, Mrusi, Mjapani, Mwamerika wa kabila la Apache, na mwanamke kutoka Kenya. Yule Mjerumani, Nightcrawler, anaonekana mara ya kwanza akikimbizwa usiku na wanakijiji wenye mienge, kwa sababu ngozi yake ni ya buluu na ana mkia. Sura yake ndiyo kosa lake. Nani huku hajasikia habari ya mtu aliyekimbizwa kwa ajili ya sura yake ao lugha yake?

Yule mwanamke wa Kenya anaitwa Ororo, lakini dunia inamjua kwa jina la Storm, yaani dhoruba, kwa sababu anaamuru mvua na radi. Mama yake ni Mkenya, baba yake ni Mwamerika. Hadithi inasimulia kwamba wazazi wake walikufa mjini Cairo katika vita ya Suez ya mwaka wa 1956, ndege ilipoangukia nyumba yao. Mtoto alibaki chini ya mabomoko, karibu na maiti ya mama yake. Akaishi barabarani kwa kuiba, kisha akatembea kwa miguu mpaka Kenya. Hata alipokuwa shujaa, bado anaogopa fasi ndogo iliyofungwa. Anaweza kuita radi, lakini chumba kidogo kinamtetemesha.

Mama aliyekimbia mabomu na watoto mgongoni anaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Mtoto anayeruka usingizini mlango ukigongwa kwa nguvu siyo mwoga. Anabeba kitu alichokiona.

Halafu kuna Magneto, adui mkubwa wa X-Men. Kwa miaka mingi alikuwa mbaya tu, bila sababu. Mwaka wa 1981 mwandishi Chris Claremont alionyesha kwamba Magneto alikulia Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliua Wayahudi. Filamu ya kwanza, ya mwaka wa 2000, inaanzia hapo: mtoto anatenganishwa na wazazi wake chini ya mvua, na mlango wa chuma unajikunja kwa uchungu wake. Alipokuwa mtu mzima aliapa kwamba watu wake hawatateswa tena, hata ikiwa ni lazima wengine wateswe.

Hapo ndipo nguvu ya hadithi hii. Storm na Magneto wana kidonda kimoja: vita iliwanyang'anya wazazi. Mmoja analinda watu asiowajua. Mwingine anafanya kidonda chake kuwa silaha. Na wasomaji walifuata: mwaka wa 1991 toleo moja la X-Men liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, mwaka uliofuata televisheni ikaleta katuni yao, kisha filamu zikafika mpaka mitaa ya huku.

Katika Kivu, karibu kila kikundi chenye silaha kinasema kinalinda watu wake. Vijana wengi walioingia humo walianza wakiwa watoto waliofukuzwa. Kumlaumu kijana huyo akisha kuchukua bunduki ni rahisi. Swali ni kujua alipewa nini kabla. Storm alipata shule iliyomfungulia mlango. Magneto alibaki na hasira yake.

Huku, mtoto aliyeishi chini ya bashi kule Kanyaruchinya ao Bulengo anafika kwenye shule mpya na kuitwa «deplase» kabla ya jina lake. Wenzake wanacheka, mwalimu ananyamaza. Kila siku ya namna hiyo inamsogeza karibu na njia ya pili. Kumwita mtoto kwa jina lake hakungoji pesa ya shirika lolote. Mwalimu, jamaa inayopokea wageni, mchungaji, jirani, kila mmoja anaweza kuanza leo.

Ni kweli kwamba Kenya ya Storm ilichorwa na watu wa mbali. Lakini Kongo haikosi wachoraji: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alijulikana mpaka Ulaya kwa vitabu vyake vya picha. Mtoto aliyekimbia kutoka Masisi ao Rutshuru akipewa kalamu na karatasi, atakuwa na hadithi ambayo Marvel haina. Afazali aichore yeye mwenyewe, kabla mtu mwenye bunduki hajamwandikia mwisho wake.