BARAZA LA NYUMBANI: Kukumbuka Kwetu Bila Uongo



Wazazi huuliza mara nyingi: picha za sinema zinazowachekesha watu kwa mambo ya mji mdogo, pamoja na padre wake na walimu wake, je, zafaa kutazamwa katika nyumba ya Wakristo? Juma hili tutajibu swali hilo kwa kutazama picha tatu zilizotoka nchi ya Italia. Zote zasimulia vijana waliokulia katika miji midogo. Zote zinachekesha. Tena kila moja ina jambo ambalo si la kucheka hata kidogo, nalo ndilo tutakalolishika.

Tuanze na ile inayojulikana zaidi. Jina lake ni Amarcord, nayo ilitoka mwaka 1973. Aliyeitengeneza ni Federico Fellini, mzaliwa wa Rimini, mji wa pwani ya bahari ya Adriatiki. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1920, akafa mjini Roma tarehe 31 Oktoba 1993. Neno hilo Amarcord ni la lugha ya kienyeji ya Romagna, na maana yake ni “nakumbuka”. Aliyeshirikiana naye kuandika masimulizi ni mshairi Tonino Guerra, mtu wa Santarcangelo, mji ulio karibu na Rimini, naye alizaliwa mwaka ule ule wa 1920. Basi walikuwa marika wawili wakikumbuka utoto wao.

Picha yasimulia mwaka mmoja katika miaka ya 1930. Yaanza baridi inapokwisha, mbegu nyepesi nyeupe zinapopeperuka mjini kama sufi. Watu wanafurahi, wanakusanya kuni na viti vibovu uwanjani, wanachoma sanamu ya ajuza wa baridi katika moto mkubwa wa siku ya Mtakatifu Yosefu. Hapo twaonyeshwa wenyeji mmoja mmoja. Yuko wakili anayependa kusimulia historia tukufu ya mji, na kila akifika penye utamu, mtu asiyeonekana anamzomea gizani. Yuko Gradisca, mwanamke mzuri wa mji, ambaye kila kijana anamtazama na yeye mwenyewe anangoja mume. Yuko kijana Titta, na baba yake Aurelio, msimamizi wa mafundi wa kujenga, na mama yake Miranda. Wazazi hao wakigombana mezani, mama anaapa atawatilia wote sumu katika supu. Kesho yake anapika tena, nao wanakula.

Yuko pia ami Teo, ndugu wa Aurelio, anayekaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku moja jamaa zake wanamchukua kwenda shambani apunge hewa. Anapanda mti mrefu, anakataa kushuka, analia kwa sauti kuu kwamba anataka mwanamke. Anayeleta ngazi anapigwa mawe. Saa zinapita, jua linatua. Mwisho anakuja sista mmoja wa hospitali, mfupi kabisa kwa kimo, anapanda ngazi na kumwamuru ashuke, naye anashuka kama mtoto mtiifu. Watu hucheka sana hapo. Lakini angalieni jambo moja: jamaa walimleta ndugu yao mgonjwa mezani pao, wakakaa chini ya mti mpaka jioni, wala hawakumwacha. Ni familia ngapi zenye mgonjwa wa namna hiyo zinazomficha chumba cha nyuma?

Sasa tufike kwa padre, maana hapo ndipo wengi wanapochukizwa. Titta anakwenda kuungama. Padre wake, Don Balosa, anamwuliza juu ya dhambi moja tu, ile ya kijana kujichezea mwili. Anamwambia kwamba Mtakatifu Aloisi hulia kwa ajili ya dhambi hiyo. Huku akiuliza, macho yake yako kwenye maua yanayopambwa altareni, naye anaondoka kitini kwenda kuelekeza namna ya kuyapanga. Kijana anajibu nusunusu, na moyoni anakumbuka mambo yote asiyoyasema. Mbele ya padre kuna mtoto wa watu mwenye moyo uliochanganyikiwa, na padre anashughulika na maua!

Je, hiyo ni dharau kwa Kanisa? Twasema hapana. Fellini hadhihaki Sakramenti ya Kitubio. Anatuonyesha nafasi iliyopotea. Kijana alikuja, akapiga magoti, akaondoka na mzigo wake ule ule. Na tusiwaachie mapadre peke yao lawama hiyo. Baba anayeulizwa swali gumu na mwanawe, akajibu huku akihesabu fedha zake. Mama anayefuatwa na binti yake jikoni, akamwambia ngoja kwanza. Hao nao wanapanga maua.

Jambo zito zaidi la picha hiyo ni utawala wa Mafashisti wa Mussolini. Mkubwa wa chama anakuja kuutembelea mji, na wenyeji wale wale tuliowacheka wanakimbia barabarani wakimshangilia, wake kwa waume. Uwanjani inasimamishwa sura kubwa ya Mussolini iliyofanyizwa kwa maua. Usiku, mtu fulani anaweka gramafoni juu katika mnara wa kanisa, ikapiga wimbo wa Internationale, wimbo wa wafanyakazi wa kisoshalisti. Mafashisti wanaipiga risasi mpaka inyamaze. Kisha wanamkamata Aurelio, kwa sababu hawapendi, na kumnywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu. Adhabu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya sinema; Mafashisti waliitumia kweli kuwafedhehesha wapinzani wao. Aurelio anarudi kwake usiku, amechafuka, hana neno, na mkewe, yule wa sumu ya supu, anampokea na kumwogesha.

Na nani aliyemchongea? Picha inatudokezea kwamba ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, anayelala nyumba ile ile na kula meza ile ile. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Fellini alieleza baadaye kwamba aliona ufashisti na ujana usiotaka kukomaa kuwa kama majira ambayo binadamu huweza kuyarudia. Watu wanaopenda kufikiriwa na mtu mwingine hubaki watoto hata wakiwa na mvi. Ndiyo sababu anawacheka jirani zake kwa mapenzi, wala hawasamehe kijinga. Hasemi kwamba zamani ilikuwa njema kwa kuwa tulikuwa wadogo.

Picha inaendelea. Usiku mmoja mji wote unatoka kwa mashua kuingoja meli kubwa Rex ipite. Meli hiyo ilikuwako kweli: ilishushwa majini mwaka 1931, mwaka 1933 ikashinda kwa mbio za kuvuka Atlantiki, na mwaka 1944 ikazamishwa na ndege za vita. Inapopita na taa zake, watu wanapiga kelele za furaha, na kipofu mpiga kodiani anawauliza ikoje. Siku nyingine ukungu unatanda, babu anatoka nje, haoni kitu, anadhani labda mauti ndiyo hayo. Kumbe yuko karibu tu na lango la nyumba yake. Kisha Miranda anaugua na kufa. Mwishoni Gradisca anaolewa na askari, karamu inatawanyika, na zile mbegu nyeupe zinapeperuka tena.

Yafaa mjue kwamba Fellini hakurudi Rimini kuipiga picha hiyo. Mji aliujenga upya katika kiwanda cha sinema cha Cinecittà, Roma, na hata bahari ilikuwa matandiko ya plastiki. Huko Marekani ilipewa tuzo ya Oscar kuwa picha bora ya lugha ya kigeni.

Picha ya pili ni ya Fellini huyo huyo, ya mwaka 1953, yaitwa I vitelloni, maana yake kama “ndama wakubwa”. Ndama hao ni vijana watano wa mji wa pwani, wote wamekwisha kuwa watu wazima na wote wanalishwa na jamaa zao. Alberto anaishi kwa mshahara wa dada yake. Siku moja akiwa ndani ya motokaa anawatukana kwa ishara mafundi wanaotengeneza barabara, kwa sababu tu wanafanya kazi. Mara motokaa inazimika, na mafundi wanakuja mbio. Fausto anampa mimba Sandra, anataka kukimbia, na baba yake mzazi anamlazimisha amwoe. Anapewa kazi katika duka la vitu vya ibada, anamwandama mke wa tajiri wake, anafukuzwa, kisha anaiba sanamu ya malaika dukani. Hakuna anayetaka kuinunua, nayo inazungushwa huku na huku kama mgonjwa asiye na kwao.

Kati ya watano, mmoja tu, Moraldo, anaondoka. Alfajiri anapanda gari moshi bila kujua aendako. Kijana mdogo mfanyakazi wa stesheni anamwuliza kama hakuwa na raha pale, naye hana jibu. Fellini mwenyewe aliondoka Rimini kwenda Roma mwaka 1939. Wenye vijana wanaoshinda vijiweni wakingoja bahati, itazameni picha hii pamoja nao, kisha zungumzeni. Mahubiri marefu hayatahitajika.

Picha ya tatu yaitwa Nuovo Cinema Paradiso, ya mwaka 1988, kazi ya Giuseppe Tornatore, aliyezaliwa Bagheria, Sicilia, mwaka 1956. Sehemu kubwa ilipigwa katika kijiji cha Palazzo Adriano. Mtoto Salvatore, aitwaye Totò, ni mtumishi wa altare anayesinzia wakati wa Misa. Baba yake hakurudi kutoka vita vya Urusi. Rafiki yake mkubwa ni Alfredo, mwendesha mashine ya sinema. Padre Adelfio hutazama kila picha peke yake kabla ya watu, na akiona busu hupiga kengele, na Alfredo hukata kipande hicho. Tusidhani mambo hayo ni hadithi tupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia ilikuwa na maelfu ya kumbi za sinema za maparokia. Papa Pius XI, katika waraka wake Vigilanti cura wa mwaka 1936, aliwataka maaskofu wawe na ofisi za kupima picha, na Papa Pius XII akaandika tena juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957. Kanisa lilipima, lakini pia liliwafungulia watu mlango wakae pamoja, tajiri na maskini, wacheke na kulia mbele ya ukuta mmoja.

Mikanda ya siku zile ilishika moto upesi. Sinema inaungua, Alfredo anapofuka, na mtoto ndiye anayemwokoa. Totò anapokuwa kijana, Alfredo anamwambia aondoke, asirudi, asiandike, asijali kuwakumbuka. Naye anatii kupita kiasi. Kwa miaka 30 haonekani, anakuwa mtengenezaji mashuhuri wa picha huko Roma, na anarudi kumzika Alfredo tu. Mama yake, mzee sasa, yuko juu akifuma. Anaposikia mlango anainuka na uzi umemnasa, na kila hatua anayoshuka, ile kazi inafumuka. Baadaye anamwambia mwanawe kwamba kila akimpigia simu anajibiwa na mwanamke mwingine, na katika sauti hizo zote hajasikia hata moja inayompenda kweli.

Haya, tumjibu mzazi aliyeuliza. Amarcord si ya watoto. Ina mambo ya utu uzima na mzaha mkavu wa mwili. Watu wazima wataitazama kwa faida. I vitelloni na Cinema Paradiso, ile iliyofupishwa, wazazi wanaweza kuzitazama pamoja na vijana waliokwisha pata Kipaimara. Na asiseme mtu kwamba Kanisa humkimbia Fellini. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya picha 45 za maana, na mbili ni zake: La strada na 8½. Papa Fransisko alisema mwaka 2013 kwamba La strada ndiyo picha aliyoipenda labda kuliko zote.

Tena picha hizi zitupe kazi ya nyumbani. Waambieni watoto wenu habari za kwenu ilivyokuwa: kichaa wa mji mliyemtupia mawe, mwalimu mliyemwogopa, jirani aliyemchongea jirani, mkubwa mliyemshangilia bila kujua sababu. Semeni majina ya mema, wala msifiche mabaya. Mkataa kwao ni mtumwa, na anayepasifu kwao kwa uongo naye hajapajua.

Na wewe uliye mjini, ambaye mama yako angali hai kijijini, usingoje siku ya maziko. Mpelekee habari kabla ya Jumapili.