Mbongo akifika majuu ndio aache baiskeli? Kwa lipi hasa?

Mbongo aliyeko majuu akiposti picha kasimama pembeni ya gari ambalo hata si lake, mtaa mzima unampa maua. Akiposti amevaa kaptula ya kubana na helmeti, namba ya mashindano mgongoni, komenti zinabadilika ghafla: "Wenzako wanajenga, wewe unachezea baiskeli?" Na wa kwanza kuandika huwa ndugu yake wa damu, yuko Mbagala anasubiri ya mwezi huu.

Jamani, kijana huyo hakuanzia baiskeli ughaibuni. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla daladala hazijajaza Barabara ya Kilwa, anakanyaga baiskeli ya mtumba mpaka jua linatoka. Wa Kinondoni nao wanakimbilia Tegeta na Bunju. Shida ni kwamba Dar baiskeli ni ya muuza mkaa na muuza mikate, kwa hiyo anayeikimbiza bila mzigo anaonekana hana kazi. (Kanda ya Ziwa wangemwelewa, kule mbio za baiskeli zinajaza watu.) Sasa amehama nchi, wiki nzima anabeba boksi, Jumapili anashindana na wenzake wa klabu. Kamkosea nani?

Mfano upo hapo jirani tu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na baiskeli ya mashindano alifundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, pamoja na vijana wa Safari Simbaz. Akiwa na miaka 14 hivi akahamia Afrika Kusini kusoma. Angeweza kuishia hapo. Wapi! Shule anasoma, mazoezi anafanya, likizo anarudi kwa Kinjah. Alikaa ridhaa miaka yote hiyo mpaka 2007 ndio akaanza kuendesha kwa mshahara. Mwaka 2006 bado aliiwakilisha Kenya, kwanza Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, halafu mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, ambako alimgonga ofisa wa mbio sekunde chache tu baada ya kuanza! Watu wanakumbuka Tour de France zake nne, lakini zote alishinda akiwa chini ya bendera ya Uingereza, aliyohamia 2008. Kenya ikabaki kupiga makofi kwa mbali.

Mtu atasema Froome ni mzungu, pasipoti ya Uingereza ilikuwa inamsubiri. Kweli kabisa. Mbongo hana bahati hiyo, maana Tanzania haina uraia pacha, mtu mzima akichukua wa kwao wa kwetu umekwenda. Ila kushindana hakumlazimishi kubadili chochote. Kwa kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, leseni inatolewa na chama cha nchi anakoishi mtu, uraia wake unabaki ulivyo. Kijana wa Temeke anaweza kushika leseni ya Ujerumani na bado akahesabika Mtanzania. Wanaomkejeli hawalijui hilo.

Kwenye hela wanaolalamika wana hoja, nusu. Baiskeli ya mashindano si bei ya Phoenix, tairi zinaisha, kila mbio ina ada. Kama mama anaumwa na yeye ananunua magurudumu ya kaboni, asemwe tena asemwe sana. Lakini kuna mwenzake anamaliza hela hiyo hiyo baa kila Ijumaa na haulizwi, kwa sababu haposti. Na maisha ya kule ni chumba, kazi, chumba. Klabu inampa angalau watu wa kumuuliza Jumatatu kama goti limepona. Group la WhatsApp la familia linauliza kingine.

Kinachostahili kumsumbua ndugu ni ajali. Sule Kangangi, Mkenya, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za Vermont, Marekani, mbali na mke na watoto. Kwa hiyo anayetaka kuandika komenti aandike hii: bima unayo? Na kwenye fomu ya mashindano, umeandika namba ya nani wa kupigiwa simu?